Iko kwa Dobi

Marahaba, marahaba. Shikamoo zenu nimezipokea zote. Sasa kaeni, na wewe mwenye shati jipya usiegemee ukuta, chokaa hiyo utakuja kuilaumu sabuni bure. Najua ninachosema. Nimefua nguo za Kariakoo tangu enzi za Mwingereza, kabla ya vita vya Hitla, na hakuna doa lililonishinda ila la bibo na la maneno ya watu.

Siku hizi mnanunua mashati ya kufua jioni na kuvaa asubuhi bila kuonja pasi, na mtu wa namna hiyo mnamwita maridadi. Haya. Zamani tungemwuliza amefiwa na nani.

Kazi nilifundishwa na Fundi Mbaruku, Mungu amrehemu. Alikuwa mfupi, ana kifua kipana, na udobi alijifunza nyumbani kwa Wadachi, hao Wajerumani, kabla ya vita vya kwanza. Kiswahili chake kilikuwa cha adabu tupu, lakini pasi ikimuunguza alitukana kwa Kidachi, na kwa kuwa hatukuelewa, tuliitikia "Amina". Tulikuwa na chumba kimoja chenye baraza, hatua chache kutoka soko la zamani, lile banda kubwa la chuma. Alfajiri tunafua bonde la Msimbazi, jua likikaza tunaanika, alasiri tunapiga pasi. Jina langu ni Shomari, lakini Kariakoo nzima iliniita Dobi Mdogo hata nilipokuwa nimemzidi Fundi urefu kwa kichwa kizima.

Nitawapa mambo ya kazi kwanza, maana nyinyi mkisikia neno kamari ndipo mnapofumbua macho, na ya kazi hamtayasikia tena.

Pasi ya mkaa usiitie mkaa wa kawaida ukiwa na haraka, itie vifuu. Kifuu kinashika moto upesi na hakirushi cheche. Cheche moja juu ya kanzu ya mtu ni kesi. Ukitaka kujua pasi imeiva, usiiguse kwa kidole kizima kama alivyofanya kijana mmoja ninayemjua sana, lowesha ncha ya kidole uipapase. Ikisema "chii" basi tayari. Ikinyamaza, ongeza vifuu. Na ukisema "chii" wewe mwenyewe, ujue umechelewa.

Kofia ya viua haipigwi pasi. Unaitia kanji ya muhogo, nyepesi kama uji wa mgonjwa, halafu unaivika kibuyu cha kadiri ya kichwa cha mwenyewe. Tulikuwa na safu ya vibuyu dukani, kila kimoja na mtu wake. Wageni walidhani sisi waganga.

Buluu nayo! Nilipokuwa mgeni kazini niliambiwa nitie buluu kidogo kwenye maji ya mwisho ili kanzu ziwe nyeupe zaidi. Mimi nikaona kama kidogo kinang'arisha, basi nyingi itang'arisha zaidi. Kanzu ya Maalimu mmoja wa Gerezani ikatoka rangi ya mbingu. Nililia. Fundi Mbaruku akaigeuza, akaitazama, akaipiga pasi mpaka ikasimama yenyewe. Maalimu alipokuja, Fundi akamwambia, "Hii, Maalimu, ndiyo wanayovaa Unguja sasa." Maalimu akaivaa Ijumaa, kifua mbele. Wiki iliyofuata watu wakaleta kanzu zao wakitaka "ile ya Unguja". Tukatia buluu mpaka ikaadimika madukani.

Sasa, jambo moja lazima mlijue, la sivyo hadithi yangu haitawaingia. Nguo ikikauka sana haipokei pasi, lazima uinyunyizie maji. Hatukuwa na makopo ya kunyunyizia kama yenu. Tulikuwa na midomo. Unapiga funda la maji, unavimbisha mashavu, halafu unapuliza, phuuu, mvua nyembamba inatua juu ya nguo sawasawa. Kazi hiyo ina ufundi wake, na Fundi Mbaruku alikuwa bingwa. Tena aliifanya kuwa ngao. Mteja akianza kumuuliza mambo ya nyumba za watu, Fundi alipiga funda, akavimbisha mashavu, akamtazama kwa macho ya upole mpaka mtu akachoka na kuondoka.

Kwa sababu dobi anajua, wajukuu zangu. Dobi anajua kuliko kadhi. Nani amelala wapi, nani amekula nini, nani amelia kwenye upindo wa kanga yake. Fundi aliniambia siku ya kwanza: "Shomari, mdomo wa dobi ni wa maji tu. Siku ukiutia maneno, nguo zitakwenda kwa dobi mwingine."

Na ndiyo maana tulikuwa wa kwanza mtaani kujua habari ya Sudi.

Sudi alikuwa na uwanja uliozungushiwa makuti nyuma ya duka la mkaa. Mbele mkaa, nyuma mkeka, na juu ya mkeka karata na dadu. Kamari ilikatazwa na serikali, kila mtu alijua imekatazwa, na kila mtu alijua ilipo. Jumamosi mchana, watu wa karakana za reli Gerezani wakishapokea mshahara, njia ya kwenda nyumbani ilikuwa moja kwa moja, lakini miguu yao ilipinda yenyewe ilipofika duka la mkaa.

Msidhani Sudi alikuwa mchezaji hodari. Sudi hakucheza kabisa! Alikaa kwenye kigoda chake, anajipepea, na kila mchezo ukiisha, kabla mshindi hajachukua chake, Sudi anakata fungu la mkeka. Wakicheza mara kumi, mara kumi anakata. Leo anashinda Juma, kesho anashinda Hamisi, na Sudi anashinda leo na kesho. Nimewaona nyinyi na vikaratasi vyenu vya bahati nasibu, mnajadili nani ana mkono wa bahati. Wajinga wakubwa, mkono wa bahati ni wa mwenye mkeka.

Pesa ikiisha, waliweka nguo rehani kwa Sudi. Kofia kwanza, maana mtu anaweza kutembea kichwa wazi na kusema joto. Halafu kikoi. Halafu kanzu. Mtu aliingia kwa Sudi bwana harusi, akatoka na fulana na msuli, ananyata pembeni ya kuta.

Sisi tulijuaje? Kwa alama. Kila mteja wetu alikuwa na alama yake, uzi mwekundu ndani ya ukosi, huyu nukta na mkasi, huyu ngazi, huyu jicho. Alama alishona Fundi mwenyewe, na dobi hatazami uso wa mtu, anatazama ukosi. Sasa Sudi alipotaka kuziuza mnadani nguo hizo za rehani, alitaka ziwe safi. Akazileta kwa nani? Kwetu! Robota zima linashuka barazani, nafungua, naona ngazi, naona jicho, naona nukta na mkasi. Kariakoo yote imo ndani, wenyewe tu hawamo.

Na huko majumbani je? Mke akiuliza, "Baba Fulani, kanzu yako iko wapi?", mume anajibu bila kupepesa, "Iko kwa dobi."

Lo! Neno hilo lilienea. Kofia iko kwa dobi. Kikoi kiko kwa dobi. Kuna mmoja aliwahi kumwambia mkewe kuwa saa ya ukutani iko kwa dobi. Wanawake wakaanza kututazama kwa jicho baya, wanapita wanasema kwa sauti, "Madobi wa siku hizi! Nguo inakaa mwezi!" Jina letu lilichafuka na sabuni tunayo mkononi.

Tena biashara ikalegea mtaa mzima. Zamani shilingi ya mtu wa reli ilitembea. Anampa mkewe, mkewe anampa muuza samaki aliyetoka Feri, muuza samaki analipa kodi ya chumba na kunywa kahawa, muuza kahawa analeta kanzu kwetu, sisi tunanunua sabuni. Kila aliyeishika aligusa ugali. Ilipoanza kuingia kwa Sudi haikutoka, ilikwenda kununua minazi yake huko nje ya mji. Muuza kahawa akawa anazunguka na birika lililojaa. Vyunguni samaki akapotea, ukaingia mchicha, halafu mchicha bila nazi. Wasuluhishi wa ndoa tu ndio waliopata kazi nyingi. Mimi niliyaona hayo kwenye nguo: kanga za wanawake zilizokuwa zikija na harufu ya samaki na mafuta zikaanza kuja hazina harufu ya kitu. Ilinisikitisha sana, na bado inanisikitisha.

Msiniulize kama mimi nilicheza. Sikucheza. Si kwa ucha Mungu, ni kwa kumwogopa Fundi.

Haya. Kulikuwa na seremala wa karakana za reli akiitwa Feruzi, mteja wetu, alama yake ngazi. Mtu mzuri, mcheshi, mikono ya dhahabu, lakini mkeka ulikuwa umemwita na akaitika. Mkewe alikuwa Bi. Mwanahawa, mkaanga vitumbua, mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Watu wa kwao Bi. Mwanahawa walikuwa na joho moja la ukoo, jeusi, zito, lenye nyuzi za dhahabu kifuani, aliloliacha marehemu baba yao. Kila mwanamume wa ukoo ule alioa akiwa amevaa joho hilo. Mfupi alilipandisha, mrefu lilimfika magotini, lakini lazima avae, ndipo ndoa ya kwao ikahesabiwa ndoa. Na aliyelitunza si kaka mkubwa. Ni Bi. Mwanahawa.

Basi mdogo wake, Kibwana, akapata mchumba, nikaha ikawekwa Ijumaa baada ya sala. Desturi yao, kabla ya harusi joho hupitishwa kwa dobi. Joho halifuliwi, nawaambia kabisa, atakayelitia majini namlaani. Joho hupigwa brashi, hupitishwa juu ya mvuke, halafu hupigwa pasi juu ya kitambaa chenye unyevu, tena upande wa ndani. Jumamosi Bi. Mwanahawa yuko kwenye karai la vitumbua, akamwambia mumewe, "Baba, nipelekee joho kwa Fundi Mbaruku." Feruzi akalikunja vizuri, akaliweka begani, akatoka.

Kutoka kwao mpaka kwetu hapakuwa mbali. Ila katikati pana duka la mkaa.

Jumatatu asubuhi Bi. Mwanahawa akaja. Akasalimia, akasema, "Fundi, nimekuja kutazama joho la baba linaendeleaje."

Mimi nilikuwa naleta vifuu, nikasimama. Tuliangaliana na Fundi. Joho? Sisi joho hatukuliona. Nikafungua kinywa, Fundi akanikanyaga mguu kwa kisigino chake, akapiga funda la maji.

"Fundi, nakuuliza."

Phuuu, Fundi akanyunyizia kanzu. Akapiga funda jingine.

"Mmeliunguza?" Sauti yake ikabadilika. "Kama mmeliunguza niambieni. Sitapiga kelele. Nataka kujua tu."

Fundi akatikisa kichwa kuwa halikuungua. Mashavu yamevimba, macho yamemtoka, kidogo maji yamuingie puani.

Bi. Mwanahawa akakaa barazani. "Baba alikuwa na watoto wa kiume wanne," akasema, hamwambii hasa mtu. "Akanikabidhi mimi. Kaka zangu walisema mwanamke atalipoteza, atampa mumewe. Baba akasema, huyu ndiye mwenye mikono. Ijumaa Kibwana akitoka bila joho, watasema baba alikosea."

Akajifuta uso kwa kanga, akaondoka. Akaja Jumanne. Akaja Jumatano. Kila akija, Fundi anakunywa maji mpaka nikahofia tumbo lake.

Nilishindwa kuvumilia. "Fundi, si umwambie? Anadhani tumelipoteza, anatuona wezi!"

"Nikimwambia joho halikuletwa, nimesema mumewe mwongo. Nikisema mumewe mwongo, nimevunja nyumba. Kesho yake kila mwenye nyumba Kariakoo atasema, yule dobi anavunja nyumba. Akija tena, wewe piga funda tu."

"Lakini anaumia, Fundi!"

"Kwani mimi nina moyo wa pasi?" akanifokea. Halafu akaongeza kwa Kidachi, nami sikuitikia Amina.

Jumatano hiyohiyo, alasiri, Sudi akaleta robota. Kubwa kuliko yote. "Fueni upesi," akasema, "Jumamosi nakwenda mnadani." Nikafungua kamba. Ngazi ilikuwamo, kanzu ya Feruzi aliyoicheza zamani. Jicho lilikuwamo. Na chini kabisa, limekunjwa vilevile alivyolikunja Feruzi, lilikuwamo joho.

Fundi akalipapasa nyuzi za dhahabu kuona kama zimenyofoka. Akasema, "Aa. Kumbe sasa liko kwa dobi."

Usiku ule nilimsikia akicheka peke yake kitandani.

Sasa sikilizeni ufundi. Nguo za wateja tulianika uwani, nyuma, na tuligeuza ndani nje jua lisile rangi. Ndiyo desturi ya kazi, tena ni heshima, nguo za watu si bendera. Alhamisi asubuhi, tumerudi kutoka Msimbazi na robota la Sudi lote limefuliwa isipokuwa joho, Fundi akanipa kamba. "Leo anika mbele."

"Mbele barabarani?"

"Jua la mbele kali. Na usizigeuze, ukosi uonekane."

Nikafunga kamba kutoka nguzo ya baraza mpaka mnazi wa jirani, nikaanika kanzu, vikoi, na kofia nikazipanga barazani kila moja juu ya kibuyu chake. Joho nikalitundika katikati. Fundi akaketi na pasi yake, bakuli la maji karibu.

Wa kwanza kupita alikuwa Mama Chausiku, mkaanga samaki wa jirani yetu, kapu kichwani. Akapita. Akasimama. Akarudi kinyumenyume.

"Hee! Kofia hii si ya mume wangu? Viua hivi nimeshona mimi, hapa nilikosea nikafumua, nikakosea tena nikaacha!" Akalishusha kapu. "Fundi, mume wangu aliniambia kofia yake iko kwa dobi. Nikamwita mwongo, nikamnyima chakula. Kumbe iko!"

Fundi akapiga funda, akamwonyesha kofia kwa ncha ya pasi: chukua.

Mama Chausiku hakuwa mjinga. Akazitazama nguo zote zile, akanitazama mimi, akaangalia upande wa duka la mkaa. Uso ukafunguka taratibu. Halafu akapiga ukelele uliosikika Ilala: "Wanawake wenzangu! Njooni kwa dobi! Za kwetu zote ziko tayari!"

Mwe! Walitoka kila mlango. Mwingine na mwiko mkononi, mwingine na mtoto mgongoni, mwingine nywele nusu zimesukwa. "Mume wangu alisema iko kwa dobi!" "Na wangu!" "Wangu ameapa kwa Mungu, nipe hiyo yenye ukosi wa kijani!" Kila mmoja ana shahidi wake, na shahidi ni mume mwenyewe. Kila mmoja anashika kanzu anaipima kwa mikono, anacheka, mwingine analia kidogo, anacheka tena. Bi. Mwanahawa akaja mwisho, anakimbia, unga wa vitumbua mpaka viwikoni. Akaliona joho. Hakuligusa, alihofia unga. Akasimama chini yake akilitazama juu, machozi yanamtiririka.

Ndipo akatokea Sudi.

"Nguo zangu!" akabweka. "Mbaruku, nani amekuambia ugawe nguo zangu?"

Fundi alikuwa ameshapiga funda.

"Zako?" Mama Chausiku akamsogelea. Sudi alikuwa pande la mtu, tumbo limetangulia. "Hii kofia inakuingia? Kanzu hii ya mume wa Mwajuma huyu, inakufika kiunoni? Hebu ivae tukuone!"

Wanawake wakaangua kicheko. Sudi akawaka. "Nimezipata kwa haki yangu!"

Bi. Mwanahawa akageuka. Akasema polepole, kwa adabu kabisa, "Haki gani, kaka yangu? Sema ulizipataje. Na askari yule pale sokoni tumwite, naye asikie."

Kweli askari alikuwapo, ananunua machungwa. Sudi akamtazama askari, akawatazama wanawake, jasho likamtoka. Akasema, "Mimi... nilikuwa nawasaidia tu waume zenu. Kuzileta kwa dobi."

Fundi Mbaruku alishindwa. Maji yote yalimtoka puani, pasi ikamponyoka, akatukana Kidachi na kucheka kwa wakati mmoja.

"Ahsante sana, Bwana Sudi!" wanawake wakaitikia kama wanafunzi wa chuo cha Kurani. "Mungu akulipe!" Na Mama Chausiku akaongeza, "Na gharama ya kufua, kwa kuwa unatusaidia, tunakuachia wewe." Akalipa. Mbele yetu wote, akatia mkono mfukoni akalipa.

Nikisema Sudi alifunga uwanja nitakuwa nawadanganya. Alipumzika wiki kadhaa, akahamia kwingine, na mikeka mingine ikatandikwa. Kamari haifi kwa kicheko. Lakini tangu siku ile hakuna mwanamume Kariakoo aliyethubutu kusingizia dobi, na sisi tukapata tena heshima yetu.

Bi. Mwanahawa joho hakulichukua siku ile. Fundi, mdomo umeshakauka maji, alimwambia, "Mwanangu, niachie mpaka kesho, nyuzi za dhahabu hazitaki haraka. Nitalikeshea mwenyewe." Akakubali. Nikamnyooshea na kanzu ya mumewe, ile yenye ngazi, ilikuwa imebaki peke yake kwenye kamba.

Akakataa. "Hiyo mwenyewe ana mdomo. Na aje."

Ijumaa asubuhi duka limejaa, maana kila mtu anataka nguo ya sala. Bi. Mwanahawa yuko mlangoni, amejipamba, amevaa buibui, joho limekunjwa ndani ya shuka jeupe mikononi mwake. Feruzi akaja. Yuko na msuli na fulana. Watu wakampisha, wote walijua, na wote walitaka kuona. Mkewe hakumtazama.

Fundi akamuuliza swali tunalomuuliza kila mteja. "Kanzu yako uliileta lini?"

Jamani, angeweza kusema lolote. Angeweza kusema "juzi", na Fundi angempa, na watu wangecheka kidogo, na nikaha ingepita. Wenzake wote walikuwa wamepita mlango huo, na wake zao hawakuwauliza zaidi. Feruzi alitazama chini. Nilimwonea huruma mpaka nikageuza uso.

"Sikuileta, Fundi," akasema, kwa sauti ya kusikika. "Niliicheza kamari kwa Sudi. Nikalicheza na joho la mkwe wangu, Mungu amrehemu. Nilimdanganya mke wangu."

Hakuna aliyecheka.

Fundi akampa kanzu. Ilikuwa imekauka, haijapigwa pasi, makunyanzi tupu. Nikanyoosha mkono kuichukua niipitishie moto, Fundi akanizuia. Feruzi akaivaa vilevile, mbele ya watu, akafunga vifungo.

Bi. Mwanahawa akamtazama sasa. Alimtazama juu mpaka chini. Halafu akamsogelea, akamwekea shuka lile jeupe mikononi, na joho ndani yake.

"Libebe wewe," akasema. "Na tupite njia ya kwa Sudi."

Feruzi akalipokea kwa mikono miwili. Wakatoka, yeye mbele na mkewe nyuma, wakashika njia ya duka la mkaa. Kibwana alioa siku ile akiwa amevaa joho la baba yake.